Vidole vya Mshika Kibano

Wanangu, kabla sijaanza, hebu nyosheni mkono wa kulia mbele ya macho yenu. Bananisheni vidole, kiganja kitazame chini. Sasa angalieni kidole cha shahada na kidole cha pete, hivi viwili vilivyomweka katikati yule mrefu wao. Kipi kimempita mwenziwe? Wavulana wengi mtaona cha pete kimepanda kidogo. Wasichana wengi mtaona vinalingana, au cha shahada kinachungulia juu. Kuna watakaoona kinyume, na hao wasitie wasiwasi, wala wasimuulize mama yao maswali. Mkishaona, teremsheni mikono tuzungumze. Mimi nimekula jasho la mikono yangu miaka mingi, na nilikaribia kunyimwa kazi niipendayo kwa sababu ya kidole kimoja.

Naitwa Rukia. Nilizaliwa Migori mjini, nyuma ya duka la baba yangu, ambaye wazee wake walitoka Pwani kuja kuuza leso na kandili, wakapapenda, wakazika watu wao huku huku. Miaka ya themanini nilikuwa katika kikosi cha mafundi wa pampu za maji, zile za kusukuma kwa mkono. Tulizunguka kutoka Ogwedhi, huko mpakani na Narok, mpaka Kosele, mpaka Homa Bay ziwani. Mradi uliotuajiri ulitaka kila kikosi kiwe na mwanamke, kwa kuwa wanawake ndio wanaojua pampu inapolia na inaponung'unika. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nilisema Kiswahili cha nyumbani, Kijaluo cha sokoni, na Kikuria cha kuombea njia.

Mama yangu hakupinga, ila hakuacha kunitania. Nikirudi nyumbani na kucha nyeusi alisema, "Wenzako wanapaka hina, wewe unapaka grisi. Haya, vidole havilingani." Kisha ananimiminia maji ya moto na kunisugua mikono kwa ndimu, mmoja baada ya mwingine, kama vile ningali mtoto.

Nyinyi mmekulia kwenye mabomba ya plastiki, mepesi, ambayo mtu na jirani yake wanayachomoa kisimani asubuhi na kuyarudisha kabla ya chakula. Sisi tulikuwa na mabomba ya chuma. Kisima kirefu kilikuwa na msururu wake, bomba limeungwa na bomba mpaka chini kwenye maji, na pampu ikiharibika huko chini hapana ujanja, yote yatoke. Tulisimamisha nguzo tatu juu ya kisima, tukaning'iniza kapi, kamba ikapita hapo, watu wakavuta. Bomba likipanda, mtu mmoja aliyepiga magoti mdomoni mwa kisima alilibana kwa kibano cha chuma chenye mpini mrefu. Anaukandamiza mpini, msururu wote unaning'inia hapo, wavutaji wanapumua, bomba la juu linafunguliwa. Kisha anaachia, wanavuta tena. Sasa fikirini kamba ikiponyoka na kibano hakijabana. Msururu unazama wote, na mara nyingi hautoki tena. Kisima kimekufa, na kijiji kinarudi kuchota bwawani pamoja na ng'ombe.

Kwa hiyo mshika kibano ndiye aliyeitwa fundi. Wengine wote tulikuwa wasaidizi, hata tungekuwa na misuli kama nini. Na mimi tangu wiki ya kwanza nilikitamani kibano kile kuliko nilivyowahi kutamani bangili. Nilitaka kuwa yule mtu aliyepiga magoti pale.

Fundi wetu alikuwa Mzee Okelo, mtu wa upande wa Homa Bay, mwembamba, mpole, mwenye kofia iliyokwisha rangi. Alinifundisha yote ninayoyajua. Alinifundisha kwamba kamba haizungushwi kiganjani hata siku moja, maana ikikimbia inaondoka na ngozi. Kamba hushikwa na vidole vitatu vya mwisho, gumba linafunga tu mlango. Alinifundisha kwamba mtu havuti kwa mikono, anavuta kwa visigino, na kwamba kiganja kikilowa jasho hupakwa jivu, hakifutwi kwenye nguo. Alinifundisha kusikiliza pampu kwa kuegemeza sikio kwenye chuma. Ikitoa sauti ya mtu anayekunywa uji kwa pupa, washa ya ngozi, ile pete inayozuia maji yasivuje ndani ya pampu, imekwisha.

Washa hizo nazo zina kisa. Washa mpya ya ngozi hulowekwa kwenye mafuta ya kupikia ili ilainike. Siku moja mafuta yaliisha, nami nikiwa mjuaji nikachukua ya jikoni kwa mama, yaliyokuwa yamekaangiwa sambusa. Tukazifunga washa, tukaondoka. Tuliporudi kuangalia, kina mama pale kisimani walinizunguka. "Wewe Rukia, hii maji mmeweka nini? Inanuka karamu." Mzee Okelo akayaonja kwa kiganja, akatafakari, akasema, "Hii ni sambusa ya nyama." Watoto peke yao ndio walioomba tusibadilishe.

Lakini mzee huyu mpole alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeweza kumwachisha. Tukifika kijijini, kabla ya kusimamisha nguzo, aliwapanga wanaume waliojitolea kuvuta, akasema, "Mkono." Wote wananyoosha mkono wa kulia. Anapita polepole, akitazama kidole cha pete na cha shahada. Wa pete mrefu alimweka mbele kwenye kamba, wa shahada mrefu alimweka mkiani. Na wa kushika kibano, alisema, ni lazima kidole cha pete kimpite mwenziwe waziwazi, kwa sababu nguvu ya kushika inakaa kwenye vidole vya nje. Alifundishwa hivyo na mchimba visima aliyemlea kikazi, naye aliamini kama watu wanavyoamini dalili za mvua. Chake mwenyewe cha pete kilikuwa kirefu ajabu. Ouma, kijana wetu wa kamba, alikuwa akisema kidole kile kingeweza kusalimia watu peke yake.

Siku nilipoomba kujifunza kibano, Mzee Okelo aliushika mkono wangu, akauweka juu ya goti lake, akautazama kwa huruma ya kweli. Cha shahada kilikuwa juu, kwa upana wa ukucha.

"Nyara," akasema, maana aliniita binti yake kwa Kijaluo, "hii mkono ni mzuri. Lakini si ya chuma. Mungu ameandika hapa, mimi nasoma tu."

"Na Ouma je, baba?" nikamwuliza. Ouma alikuwa na nguvu za kunyanyua ng'ombe aliyekwama, na vidole vyake viwili hivyo vililingana sawasawa.

"Ouma alibeba kuni akiwa mtoto. Vidole ilirudi ndani."

Ndivyo ilivyokuwa. Aliye na imani hakosi jibu. Nami nikaendelea kupaka grisi kwenye nyuzi za mabomba na kuzungumza na kina mama, mwaka mzima, huku nikitazama kibano kwa jicho la pembeni.

Nisije nikawadanganya kwamba mwanamke na mwanamume wana nguvu sawa za mikono. Sikuwahi kumshinda Ouma, hata siku moja, na tulijaribu mara nyingi juu ya meza za hoteli. Wanaume wengi tuliowapata vijijini walinishinda, na wapo niliowashinda, nao hawakupenda. Mjukuu wangu anasomea mambo ya mwili chuoni, na nilipomsimulia sheria ya Mzee Okelo alicheka, kisha akaniambia mzee hakuota. Wapo wataalamu wanaopima vidole hivyo hivyo viwili. Ni kweli, alisema, kwamba ukichukua umati wa wanaume na umati wa wanawake, cha pete huelekea kuwa kirefu zaidi kwa wanaume, na wapo waliotafuta kama kinakwenda pamoja na nguvu za mkono. "Lakini hicho ni kitu cha umati, bibi, tena ni kidogo. Ukimshika mtu mmoja ukamsoma vidole, hujajua kitu." Nikamwambia angekuwapo Ogwedhi angeyaona hayo bila chuo.

Ogwedhi tulikwenda kutengeneza pampu ya kunyweshea mifugo, siku ya mnada. Ng'ombe vumbi tupu, watu wa Kuria, Wamaasai, Wajaluo, kila mtu anapiga bei kwa lugha yake. Mzee Okelo akapanga watu, akasema "Mkono," na umati ukaja kutazama. Mama mmoja muuza chai akachomoza mkono wake kati ya wanaume kwa utani. Jamani! Kidole chake cha pete kilikuwa kimekipita cha shahada kuliko mwanamume yeyote pale. Watu wakapiga kelele. Mzee akakwama. Sheria ni sheria, akamweka mbele kwenye kamba.

Yule mama alivuta mara mbili, akaachia, akajishika kiuno. "Ai, baba, hii si kazi. Mimi tangu nizaliwe nimeinua tu birika." Akarudi kwenye chai yake huku umati ukimshangilia, na nadhani aliuza kuliko siku zote.

Tulicheka mpaka tukalia. Ila mimi kicheko changu kilikatika njiani. Tulikuwa tumeketi kwake kunywa chai, na nilimwona Mzee Okelo akikishika kikombe kwa mikono miwili, kama mtu mwenye baridi, na jua lilikuwa utosini. Mkono wa kulia ulipojaribu peke yake, kikombe kiliinama, chai ikamwagika kwenye suruali. Akasema kikombe kina mafuta. Hakikuwa na mafuta.

Baada ya siku hiyo nikaanza kuona. Yeye aliyetazama mikono ya watu wote, wake akauweka mfukoni. Alikuwa akila nasi sinia moja, sasa akasema anapenda kula peke yake apate kufikiri. Vifungo vya shati akaviacha wazi, akasema ni joto. Nilianza kumfungulia chupa ya chai kabla hajaigusa, na kumshikia spana kwa upande ambao angeichukua kwa kushoto. Yeye alipokea, kazi ikaendelea. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini wa mzee yule sikuuona mwepesi. Ulinilemea nikiwa macho na nikiwa nimelala. Nilimpenda kama baba yangu mzazi, na niliogopa kibano.

Sasa niwapeleke Kosele. Ilikuwa kiangazi, na kisima tulichoitiwa kilikuwa ng'ambo kidogo ya soko, kando ya kanisa. Ndicho kisima pekee kilichokuwa na maji upande ule. Tulipofika, mitungi ilikuwa imepangwa mstari kutoka kisimani mpaka barabarani, wenyewe wamekaa kivulini wakisubiri, wamechoka hata kuteta. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni aliniambia, "Dada, mkishindwa hii, sisi tunarudi kwa mto. Na mto yenyewe ni matope." Nikamwambia hatutashindwa.

Mzee Okelo akapanga wavutaji. Mbele kabisa, nyuma ya Ouma, akamweka baba mmoja mnene, mcheshi, mwenye kidole cha pete cha kutukuka, ambaye alikionyesha kijiji kizima kabla ya kuishika kamba. Mzee akapiga magoti mdomoni mwa kisima. Mimi nikakaa karibu naye na kopo langu la grisi, karibu kuliko desturi.

"Haraaam..." Ouma akaita.

"Bee!" wakajibu, na bomba likapanda.

Yalitoka vizuri ya kwanza. Mzee alikuwa akikandamiza mpini kwa mkono wa kushoto na kuuegemea kwa mwili, mtu asiyejua angeona ni mtindo wake. Kisha, bomba likiwa katikati ya kupanda, yule baba mnene alipiga yowe. Siafu! Alikuwa amesimama kwenye njia yao, wamemwingia suruali, na siafu wa Kosele hawabishi hodi. Akaachia kamba, akaruka, akamgonga wa nyuma yake, wa nyuma naye akaachia, mstari wote ukaanguka. Ouma akabaki peke yake anaburutwa, visigino vinachimba mchanga.

Msururu ukaanza kushuka. Niliona mkono wa kulia wa Mzee Okelo ukienda kwenye mpini kwa mazoea. Niliuona ukifika. Vidole viwili vya nje, vile alivyovisifu maisha yake yote, vililala juu ya chuma kama si vyake. Mpini haukushuka. Nikaangukia juu ya mikono yake, mikono yangu juu ya yake, kifua changu juu ya mikono yote, nikakandamiza kwa uzito wote alionipa Mungu na chapati zote za mama yangu. Kibano kikalia, kikabana. Bomba likasimama.

Watu wakalipuka, wakimwita mzee wao kwa Kijaluo. "Okelo! Jaduong' Okelo!" Kina mama wakapiga vigelegele. Kutoka walikosimama waliona mzee ameokoa kisima, na mimi nimemwangukia kwa woga. Ouma alikuwa chini anatema mchanga. Yule baba mnene alikuwa nyuma ya kanisa amevua suruali. Mimi na mzee tulibaki tumetazamana juu ya mpini, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyekamatwa.

Tuliyatoa yaliyobaki polepole, mimi nikiwa nimeegemea kando yake, watu wakidhani nimepata hofu na sitaki kumwacha. Mabomba yote yalipokuwa yamelala juani, na washa mpya zimefungwa, tukaletewa ugali na omena, dagaa wa ziwani. Mzee akachukua sahani yake akazunguka nyuma ya ukuta wa kanisa. Nikamfuata. Nilimkuta anakula kwa mkono wa kushoto, na aliponiona akaiweka sahani chini.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Ogwedhi, baba."

"Na umenyamaza tu."

"Nilingoja uniambie."

Akautoa mkono wa kulia mfukoni, akauweka juu ya goti, pale pale alipokuwa ameuweka wangu mwaka ule uliotangulia. Nyama ya kati ya gumba na shahada ilikuwa imekwisha, pamebonyea. Kidole cha mwisho na cha pete vilikuwa vimejikunja, havinyooki.

"Ilianza na hii ndogo. Ikalala. Nikasema ni baridi ya asubuhi. Halafu hii ingine." Akakigusa cha pete kwa mkono mzima. "Nikishika chuma, sijui kama nimeshika. Lazima niangalie na macho."

"Hospitali wanasemaje?"

"Nilienda Homa Bay. Daktari anasema ni mshipa ya fahamu, imefinywa hapa kwa kiwiko. Ile kuegemea chuma, miaka yote hiyo. Anasema nipumzishe." Akacheka bila furaha. "Nipumzishe mkono! Nikipumzisha, mimi ni nani? Watu wataniita Okelo wa nini?"

Nilikaa chini mchangani karibu naye, nikalikata tonge la ugali, nikalichovya, nikampa kwenye mkono wa kulia, nikakunja vidole vyake juu yake kwa vidole vyangu, mpaka likafika mdomoni. Alikula. Nikampa jingine. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyaficha, na mimi nilijifanya natazama omena.

"Baba," nikasema mwishowe, "mchana huu tunayarudisha chini. Kushusha ni kubaya kuliko kuvuta, wewe ndiye uliyenifundisha. Leo usishike."

"Unaniamuru?"

"Nakuomba. Lakini ukienda pale, nitakaa mdomoni mwa kisima, mnitoe mimi kwanza."

Akanitazama. "Nyara, na nitaambia watu nini? Hawa wote, huyo Ouma, wamesikia nikisema mkono yako si ya chuma. Mwaka mzima. Leo nasema nini?"

"Sema mgongo unauma."

"Mgongo!" Akaguna. "Kila mzee anaumwa mgongo. Mimi nitoke kwa kazi yangu na mgongo?"

Akasimama, akakung'uta suruali, akaenda kisimani bila kuniambia lolote. Nilibaki nimekaa na sahani mbili. Sikujua angefanya nini. Kama angepiga magoti pale, ingenibidi nipige kelele mbele ya kijiji kizima kwamba mzee hana mkono, na hilo sikuwa na kinywa cha kulisema. Na kama ningenyamaza, wale wenye mitungi wangerudi kwenye matope. Wallahi sijawahi kutembea hatua nzito kama zile za kutoka nyuma ya kanisa.

Nilimkuta amesimama kando ya nguzo. Kamba ilikuwa tayari. Yule baba mnene alikuwa amerudi na suruali yake, safari hii amekwenda mkiani kwa hiari. Wote walikuwa wakimsubiri mzee apige magoti.

"Nyara," akasema kwa sauti ya kila mtu. "Kuja. Leta mkono."

Nilikwenda. Akaushika kwa mkono wake wa kushoto, akaulaza juu ya kichwa cha pampu kilichokuwa kimewekwa pembeni, akavibananisha vidole vyangu kimoja kimoja. Akainama. Alitazama muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama mkono wa mtu yeyote. Nami nilitazama. Kidole cha shahada kilikuwa juu ya cha pete kwa upana wa ukucha, kama kilivyokuwa siku niliyozaliwa, tena kinang'aa kwa grisi, asiyekiona ni kipofu.

"Imepita," akasema Mzee Okelo.

Ouma akaiachia kamba, akaja. Yeye ndiye aliyekuwa akinitania zaidi ya wote kwa kidole changu. Akainama naye, akatazama, akafungua kinywa. Kisha macho yake yakaenda kwenye mkono wa kulia wa mzee. Mzee hakuwa ameutia mfukoni. Alikuwa ameuacha unaning'inia pale mbele yetu, na vidole vyake viwili vimejikunja.

Ouma alikifunga kinywa.

"Eeh, jaduong'," akasema. "Imepita. Imepita sana."

Akageuka haraka, akawafokea wenzake washike kamba, wanangoja nini, maji yatajipandisha yenyewe? Mzee Okelo akarudi nyuma, akaniachia nafasi, akakaa juu ya jiwe mgongoni mwangu, karibu hata nikasikia pumzi zake. Nikapiga magoti mdomoni mwa kisima, nikaushika mpini kwa mikono miwili. Machozi yalinidondoka juu ya chuma wala sikuyafuta, kwa sababu bomba la kwanza lilikuwa tayari linashuka.